Hakuna Neno

Mwezi wa Julai 2019, asubuhi moja ya baridi ile tunayoijua wenyeji wa Mbeya, rafiki yangu wa miaka zaidi ya ishirini alinikuta sokoni Mwanjelwa nikichagua maharage, akanishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba zile shilingi 600,000 nilizomkopesha hataweza kunirudishia mwaka ule. Viazi vyake vya Isongole vilikuwa vimeunguzwa na ukungu, na kilichobaki shambani, alisema, hakikutosha hata kuwalipa vibarua. Nilimtazama usoni, nikatabasamu, nikamwambia, "Hakuna neno, dada." Kisha tukaendelea kuzungumza habari za watoto.

Neno lilikuwapo. Fedha zile nilikuwa nimeziweka akiba kwa ajili ya mabati ya chumba cha nyuma, ambacho mvua za masika zilizopita zilikuwa zimekigeuza kuwa birika, na nilipomkopesha alinihakikishia kwamba nitazipata kabla ya mvua nyingine. Hayo sikumtajia. Nilimtajia mume wangu jioni ile, kisha mdogo wangu kwa simu, kisha wenzangu wawili wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Katika muda wa wiki moja watu wanne walikuwa wamejua kwamba nina neno na rafiki yangu, na yeye mwenyewe ndiye pekee aliyeambiwa kwamba halipo.

Kwa muda mrefu niliihesabu ile "hakuna neno" kuwa wema. Nililelewa katika nyumba ambamo mgeni hakuulizwa ataondoka lini, na mdeni hakukumbushwa deni lake mbele ya watu, kwa hiyo nilidhani kwamba nimetenda kama nilivyofunzwa. Ilinichukua karibu miaka miwili kuona kwamba adabu niliyofunzwa ilikuwa na upande wa pili ambao niliuacha, na kwamba kule kunyamaza kwangu hakukuwa uvumilivu hata kidogo. Nilikuwa nimemtoa rafiki yangu nje ya urafiki wetu bila kumjulisha kwamba ametolewa.

Tulijuana mwaka 1996, katika shule ya bweni mkoani Iringa. Mimi nilitoka Rungwe na yeye alitoka Mufindi, na likizo zilipofika tulipanda basi moja hadi Mafinga, ambako yeye alishuka nami nikaendelea na safari ndefu ya kurudi Mbeya. Alikuwa na kopo la chumvi alilolificha ndani ya sanduku lake la bati. Usiku wa kwanza, nilipoonja maharage ya shule nikashindwa kuyameza, alilitoa kopo lile akaninyunyizia kwenye sahani kabla hata ya kuniuliza jina. Kwa miaka minne tulikula chumvi ya kopo lile, na lilipokwisha mama yake alilijaza tena, na baadaye mama yangu naye akawa anaongeza cha kwangu humo humo, hata ikawa hakuna aliyejua chumvi ya nani inaanzia wapi.

Nilipokuja kusoma juu ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 kabla ya Kristo, kitu cha kwanza kilichonishika ni chumvi. Kati ya vitabu kumi vya maadili vinavyobeba mafundisho yake, viwili vyote vinahusu urafiki, na humo anataja methali ambayo hata kwake ilikuwa ya zamani, kwamba watu hawawezi kujuana mpaka wamekula pamoja chumvi inayotosha. Anaongeza kwamba nia ya kuwa marafiki huja upesi, bali urafiki wenyewe hauji upesi. Anaugawa urafiki katika namna tatu: ule wa kufaana, ule wa kufurahishana, na ule wa watu wanaotakiana mema kwa ajili ya mwenzao mwenyewe wala si kwa ajili ya kile watakachokipata kwake. Tena anasema kwamba manung'uniko hutokea hasa katika ule wa kwanza, wa kufaana, kwa sababu kila mmoja anapima alichotoa na alichopokea.

Hapo maisha yangu hayakukubaliana naye. Wiki ileile niliyomwambia rafiki yangu "hakuna neno", nilizozana hadharani na mtu aliyeniuzia mkaa, kwa kuwa gunia lilikuwa limejazwa majani katikati. Sikuwa na shida yoyote ya kumwambia lililokuwa moyoni mwangu. Nilimwambia, akanijibu, akaniongezea debe moja, na hadi leo tunasalimiana vizuri tunapokutana. Kwa mtu ambaye uhusiano wetu ulikuwa wa mkaa na fedha tu, nilikuwa mnyofu kabisa. Kwa yule niliyekula naye chumvi, nilishindwa. Nadhani watu wengi wanaishi hivi bila kuliona jambo lenyewe: ukweli wetu tunaugawa kwa wepesi kwa wale ambao kuwapoteza si hasara, na wale tunaowapenda tunawapa tabasamu.

Lugha yetu inayo maneno mengi ya jambo hili. Tuna "ikhlasi", ambalo lina asili moja ya Kiarabu na neno letu "halisi", yaani kisichochanganywa na kitu kingine. Tuna "unyofu", ambao ni sifa ya fimbo kabla haijawa sifa ya mtu. Tuna "mwandani", mtu wa ndani. Lakini neno ambalo limenifundisha zaidi ni hilo dogo tunalolitumia kila siku bila kulifikiri, "neno" lenyewe. Kiswahili hakisemi tu kwamba mtu amekasirika au ana kinyongo. Kinasema kwamba "ana neno" na mwenzake, kana kwamba kosa lililotokea kati ya watu wawili limegeuka mara moja kuwa usemi unaosubiri kusemwa, na mahali pake hasa si moyoni bali masikioni mwa yule mwingine. Anayejibu "hakuna neno" huku analo anafanya zaidi ya kuficha hisia zake. Amezuia kitu ambacho ni cha mwenzake.

Wazee wa Kinyakyusa walilijua hili kwa namna ambayo sisi wajukuu wao tumeisahau. Godfrey Wilson na mkewe Monica, wanaanthropolojia waliofanya utafiti wao Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika kwa kirefu juu ya vijiji vya rika. Wavulana walipofika umri wa kama miaka kumi au kumi na mmoja, walianza kujenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao na kulala huko pamoja na wenzao wa umri mmoja. Walikua pamoja, wakaoa, na kibanda kimoja kimoja kikawa nyumba, na kundi la wavulana likawa kijiji. Kitu kilichokishika kijiji kama hicho pamoja hakikuwa damu peke yake. Kilikuwa "ukwangala", ambalo ni neno la Kinyakyusa lenye maana ya kufurahia kuwa pamoja, kula na kunywa na wenzako, kuzungumza nao hadi usiku, na kusaidiana. Mtu aliyejifungia nyama yake akaila peke yake alitazamwa kwa shaka kubwa.

Wasomaji wengi wa habari hizo huishia hapo, wakapata picha tamu ya vijana walioota moto na kucheka pamoja. Lakini watafiti hao waliandika pia juu ya upande mwingine, nao ndio ninaouona kuwa moyo wa jambo. Iliaminika kwamba hasira inayowekwa moyoni na jamaa au jirani ina nguvu ya kudhuru, inaweza kuleta homa na baridi mwilini, na inaweza kuziba baraka za ukoo mzima. Kwa hiyo, kabla ya tambiko, wenye ugomvi walitakiwa kuutoa nje mbele ya wenzao na kuutaja kwa jina, kwa sababu tambiko lililofanywa na watu wenye maneno mioyoni lilikuwa bure. Hasira iliyosemwa ilihesabiwa kuwa hasira inayotoka. Iliyoogopwa zaidi ni ile iliyokaa ndani nyuma ya uso mkunjufu.

Siamini kwamba homa ya mtoto hutokana na kinyongo cha jirani, wala sitamani zirudi siku ambazo mtu aliweza kushutumiwa kwa uchawi kwa sababu ya uso wake. Hata hivyo naona kwamba waliujua moyo wa mwanadamu vizuri kuliko sisi tunaodhani kwamba kutogombana ni amani. Walielewa kwamba kadiri watu wanavyokaa karibu na kufurahiana, ndivyo wanavyohitaji njia ya kuambiana mabaya, na kwamba ukwangala usio na njia hiyo hauna tofauti na chungu kilichofunikwa sana juu ya moto.

Wamisionari wa Moravian walipofika Rungwe mwaka 1891, walikuta watu ambao tayari walikuwa na sikio la kulisikia lile fundisho la Injili ya Mathayo, sura ya tano: kwamba ukileta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, nenda ukapatane naye kwanza, ndipo urudi. Nimelisikia fungu hilo tangu utoto wangu, na ni juzi tu nilipotambua kwamba linamtuma yule mwenye kosa, si yule aliyekosewa. Anayedaiwa ndiye anayepaswa kuondoka na kwenda. Lakini atakumbukaje kwamba nina neno juu yake, ikiwa mimi mwenyewe nimemshika mkono sokoni na kumthibitishia kwamba sina? Nilikuwa nimeifunga hata ile njia ambayo dini yangu ilimwachia.

Naomba nisieleweke kwamba nautukuza usemi usio na kizuizi. Wapo watu wanaojisifu kwamba wao husema ukweli tu, na ukiwatazama vizuri unaona kwamba wanachokipenda ni kuumiza kuliko ukweli. Mawazo yangu juu ya mume wa rafiki yangu si deni ninalopaswa kumlipa. Maoni yangu juu ya nguo yake, au juu ya mtoto wake asiyefanya vizuri darasani, yanaweza kubaki kwangu hadi nitakapokufa, na unyofu wangu hautapungua kitu. Ninachowiwa kumwambia ni kile kilichoingia kati yetu sisi wawili, ambacho kikikaa upande wangu peke yangu kinabadilisha namna ninavyomtazama bila yeye kujua kwa nini ametazamwa hivyo. Wala simaanishi kwamba lazima lisemwe kwa uso uliokunjwa. Kule Iringa shuleni niliwaona wasichana wa Kingoni na wa Kihehe, ambao mababu zao walipigana vita vikali katika karne ya 19 na ambao leo ni watani, wakiambiana katika utani mambo ambayo hakuna mwalimu angethubutu kuyasema, na aliyeambiwa akacheka, kisha usiku akayafikiria. Mila imewapa mlango. Rafiki yangu na mimi hatukuwa watani, na mlango wetu ilibidi tuujenge wenyewe.

Nimewaza pia juu ya salamu zetu, kwa kuwa nimewasikia watu wakisema kwamba salamu za Kiswahili ni unafiki, kwamba mtu aliyefiwa huulizwa habari akajibu "nzuri". Sikubali. Mtu wa kwetu akiulizwa, "Habari za nyumbani?" hujibu "salama", halafu hutua kidogo, na kama kuna jambo huongeza, "ila". Salama, ila mtoto aliamka na homa. Nzuri, ila mzee hali bado. Ile "salama" ya mwanzo haidanganyi. Inasema kwamba bado tuko pamoja chini ya amani ya Mungu, na kwamba yatakayofuata yatasemwa ndani ya amani hiyo. Ukweli wenyewe unapita katika "ila". Na katika miaka ile miwili, hicho ndicho kilichopotea baina yangu na rafiki yangu. Alinisalimu, nikaitika "salama", nikaishia hapo. Yeye naye akaishia hapo.

Wakati huohuo moyoni mwangu kulikuwa na jambo linaloendelea ambalo wakulima wa viazi wa huku kwetu wangelielewa haraka. Wao wanaijua lumbesa, lile gunia linalojazwa hadi mdomoni kisha likashonewa kichwa juu yake, ili mnunuzi alipe bei ya gunia moja na kubeba zaidi ya gunia moja. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, na bado kila mtu anayesimama kando ya barabara ya Uyole kwenda Tukuyu ameyaona magunia hayo yakipakiwa. Deni la rafiki yangu lilikuwa shilingi 600,000, basi. Lakini kwa kuwa sikulitaja, nililishonea kichwa. Alipochelewa kufika kwenye kipaimara cha binti yangu, nilikiweka humo. Alipokuja amevaa kitenge kipya, nilikiweka humo. Alipokuja nyumbani siku ya mvua akaliona turubai juu ya chumba cha nyuma na hakusema kitu, nililiweka hilo humo pia, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia kwamba mume wangu anasubiri fundi. Kila kitu alichokifanya kilipimwa katika gunia ambalo yeye hakujua kwamba limefunguliwa.

Mwezi wa Juni 2021 mama yangu mdogo alifariki dunia huko Rungwe. Rafiki yangu alifunga duka lake, akaja, akakaa msibani siku tatu. Alilala kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine, aliosha masufuria makubwa kwa maji ya baridi ambayo yalikuwa yanakata vidole, alimenya ndizi, aliimba. Mtu yeyote aliyemtazama angesema kwamba huyo ndiye rafiki wa kweli, na angekuwa amesema kweli.

Jioni ya siku ya pili, shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliniita kando ya ghala. Ni mwanamke wa maneno machache.

"Yule mwenzako wa Mufindi," aliniuliza, "una neno naye?"

"Hapana, shangazi," nikajibu. "Hakuna neno."

"Basi mbona wote hapa umetupelekea chai kwa mkono wako, na ya kwake imepelekwa na mtoto?"

Sikuwa na jibu. Sikuwa hata nimejua kwamba nimefanya hivyo. Mwili wangu ulikuwa umeisema kweli ambayo kinywa changu kilikuwa kimeikana kwa miaka miwili, na mwanamke mzee aliyekaa kwenye kigoda mbali na moto alikuwa ameisoma katika njia iliyopita chai.

"Kamwambie kabla hatujatawanyika," alisema, akarudi ndani.

Sikumwambia. Nilijipa sababu kwamba msiba si mahali pake, ingawa shangazi, ambaye alizijua desturi za msiba kuliko mimi, alikuwa amesema kwamba ndipo hasa. Siku ya kutawanyika nilimsindikiza rafiki yangu hadi kwenye gari, nikamwambia ndaga fijo, asante sana, na nilimaanisha. Lakini gari lilipoondoka nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia kwa sababu ya uongo wowote mwingine.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilipanda daladala hadi Uyole, nikaenda nyumbani kwake bila kumpigia simu. Nilimkuta anachambua mchele uani. Alinikaribisha, akataka kusimama kuniletea kiti, nami nikajua kwamba kiti kikija, na chai ikija, nitasema tena kwamba hakuna neno. Kwa hiyo nilisema nikiwa bado nimesimama. Nilimwambia kwamba zile fedha zilikuwa za mabati. Kwamba nilimdanganya sokoni. Kwamba nimewaambia watu wanne na sikumwambia yeye. Kwamba nimekuwa nikimkusanyia makosa miaka miwili, hata ya kitenge. Nilisema vibaya, bila mpangilio, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko nilivyotaka.

Aliuweka ungo chini. Kwa muda hakusema kitu.

"Nilijua," alisema mwishowe. "Tangu Agosti ile ile. Uliacha kuniuliza habari za kaka yangu."

Kaka yake alikuwa mgonjwa mwaka ule. Nilikuwa nikimwuliza habari zake kila tulipokutana, na ni kweli kwamba niliacha. Halafu aliniambia jambo ambalo sikulijua. Ukungu haukuwa umeunguza viazi vyote. Yalikuwa yamebaki magunia kumi na moja, akayauza, na fedha zile zingetosha kunirudishia nusu, lakini alizipeleka hospitali kwa ajili ya upasuaji wa kaka yake. "Nilikuja Mwanjelwa nikiwa nimejiandaa kwa hasira yako," alisema. "Nilitaka unigombeze ili nipate pa kuanzia, nikuambie yote. Ulipotabasamu, mwenzangu, nikakosa pa kushika. Nikasema, kama yeye hana neno, mimi nitalitoa wapi?"

Maneno hayo nimeyarudia moyoni mara nyingi kuliko fungu lolote la Maandiko. Nilikuwa nimedhani kwamba katika habari ile kulikuwa na mtu mmoja aliyeficha, na kwamba aliyeficha alifanya hivyo kwa upole. Kumbe tulikuwa wawili, na ule upole wangu ndio uliomzuia yeye kuwa mkweli. Hasira yangu ingekuwa ni kiti ambacho angekikalia aseme. Nilimnyima, na nikamwacha asimame na uongo wake miaka miwili, peke yake, huku akiosha masufuria ya msiba wetu.

Nilikasirika upya, lazima niseme. Niliposikia habari za magunia kumi na moja, damu ilinipanda, kwa kuwa aliniambia sokoni kwamba kilichobaki hakikutosha hata kuwalipa vibarua. Lakini safari hii nilimwambia palepale kwamba nimekasirika, na yeye akasema nina haki, na akasema pia kwamba angekuwa tena katika hali ile angempeleka kaka yake hospitali kwanza. Nikamwambia kwamba hata mimi ningefanya hivyo, ila ningependa kuambiwa. Tulikaa hadi jua likaingia nyuma ya mlima, na chai aliyoileta baadaye ilipoa bila kunywewa.

Alinilipa kidogo kidogo, shilingi 50,000, mara 100,000, na alimaliza mwanzoni mwa mwaka 2023. Chumba cha nyuma kimeezekwa. Sitasema kwamba urafiki wetu umerudi kama ulivyokuwa bwenini, kwa sababu haukurudi. Kuna wepesi fulani tuliokuwa nao ambao haupo tena, na siku nyingine tunazungumza kwa uangalifu, kama watu wanaovuka mto wakipapasa mawe kwa miguu. Tunaulizana maswali ambayo zamani tusingeulizana: hili limekuudhi? Uliposema vile, ulimaanisha nini? Wapo watakaoona kwamba urafiki unaohitaji maswali kama hayo umepungua. Mimi naona kwamba ule wa zamani ulikuwa mwepesi kwa sababu haujawahi kubebeshwa kitu.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha tangu asubuhi, na saa kumi jioni nilisikia hodi. Alikuwa yeye, amejifunika mfuko wa plastiki kichwani, viatu vimejaa matope ya njia yetu. Nilimvutia kiti karibu na jiko, nikampa kitenge kikavu ajifunge.

"Habari za Uyole?" nikamwuliza.

"Salama," alisema, akanyoosha mikono yake juu ya makaa, akanitazama. "Ila."

Nikaongeza mkaa, nikakaa.